Usharika mdogo Tanga mjini: wageni wanapotea, na majirani hatuwafikii. Tuanzie wapi?

Mzee wa Zamu (ameuliza)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Usharika wetu uko Tanga mjini, upande wa Makorora. Kaya ni 120 hivi katika jumuiya nane. Baraza la wazee limeunda kamati ya diakonia (huduma kwa wahitaji) ya watu watano na kuikabidhi kazi mbili kwa mpigo: wageni wanaoingia ibadani wasipotee, na majirani wanaotuzunguka, ambao wengi wao ni Waislamu, waone kanisa ni jirani na si ukuta wenye spika. Tumetengewa shilingi 300,000 kwa mwezi, pamoja na sadaka ya mazao: mahindi, mchele, nazi.

Hali ilivyo: wageni husimamishwa wakati wa matangazo, wanapigiwa makofi, wanaimbiwa, Jumapili inayofuata hawaonekani. Waombaji wa msaada huja ofisini siku yoyote, na anayejua kujieleza ndiye anayepata. Mlango mkuu una ngazi tatu, na wazee wenye magongo hubebwa na vijana mbele ya watu wote, jambo wasilolipenda.

Naomba majibu ya hatua na vipimo. "Tuwapende tu" tumeshaisikia.

---

Karani wa Jumuiya

Amen mzee. Mimi niseme upande wa wageni tu.

Kwanza acheni kuwasimamisha. Mjini Tanga mgeni wa Jumapili huwa mmoja kati ya watatu. Yupo aliyehamia kikazi: bandarini, mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani, mwalimu, mwanafunzi wa chuo. Yupo anayeuguza mtu Hospitali ya Bombo, atakaa wiki mbili na kurudi kwao Handeni au Kilindi. Na yupo anayekimbia jambo: ndoa, deni, au ugomvi wa kanisa alikotoka. Wa kwanza atavumilia makofi. Wa pili hana haja ya kuandikishwa popote, anachohitaji ni mahali pa kufua nguo na mtu wa kumpokea zamu wodini. Wa tatu ukimsimamisha umemfukuza. Tangazo liwe sentensi moja: wageni karibuni, baada ya ibada kuna chai pale chini ya mwembe. Birika la lita tano linatosha watu 20 kwa kikombe cha robo lita, na mahamri si gharama ya kutisha.

Watu wa zamu wawe wanne kwa ibada. Wawili wakae getini (getini, si mlangoni) kuanzia nusu saa kabla ya ibada hadi somo la kwanza liishe, kwa sababu mgeni hajui saa zenu na mara nyingi huchelewa. Wa tatu awe mlangoni na vitabu vya nyimbo. Wa nne ndani, kazi yake ni kumketisha mgeni karibu na mtu wa rika lake atakayemwonyesha ukurasa. Safu mbili za nyuma ziachwe wazi mpaka mahubiri yaanze. Hapa ndipo sharika nyingi hushindwa: wenyeji hupenda kukaa nyuma, basi mgeni aliyechelewa hulazimika kutembea hadi mbele huku macho yote yakimsindikiza.

Daftari la wageni liwe na safu tano tu: jina, simu, mtaa anaokaa, amehamia au anapita, na kama angependa kutembelewa. Kabila, ndoa na mshahara havihusu. Ugonjwa mkubwa wa madaftari haya ni kulala kabatini hadi Alhamisi. Kabla ya kufunga kanisa Jumapili, karani amtumie mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule jina na namba. Jumanne jioni mtu mmoja apige simu. Kabla ya Jumamosi, kama mgeni alikubali, atembelewe na wawili, wasizidi nusu saa, wasiende na kitabu cha ahadi za sadaka. Jumapili ya pili yule yule aliyepiga simu amngoje getini. Mgeni harudi kwa ajili ya "kamati". Hurudi kwa sababu kuna uso mmoja anaoujua. Mkibadilisha mtu katikati, mnaanza upya.

Cheti cha uhamisho kutoka usharika wake wa zamani kisiwe kizuizi cha mlangoni. Kinaweza kuulizwa hata mwezi wa tatu. Na tafadhali msimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumwuliza. Namba aliyoiandika ili apigiwe simu haikuandikwa ili watu 200 waione, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosema hivyo.

---

Mama Diakonia

Mzee wa Zamu, shikamoo. Mfuko wako si mdogo, ila utapotea ukiugawa kwa huruma ya siku ile.

Utaratibu uwe hivi. Siku ya kupokea maombi iwe moja kwa wiki, ijulikane, na awepo mtu wa kamati hata kama mchungaji amesafiri. Kila ombi lina karatasi moja: nani anaishi nyumbani, nani anafanya kazi, nini kimetokea, msaada gani mwingine unaingia. Ndani ya siku mbili waende watu wawili kuona, mmoja wa kamati na mmoja wa jumuiya. Asiende mtu peke yake, na mwanamume asiende peke yake kwa mwanamke. Kisha mnaamua kati ya njia tatu: dharura, inayolipwa mara moja kwa idhini ya wanakamati wawili, mgao wa miezi mitatu, unaopitiwa upya kila mwezi, au rufaa, maana yake jambo si la kwetu, tunamsindikiza hadi linapohusika.

Kwa 300,000 ningegawa hivi: 150,000 chakula, 100,000 dharura, 50,000 nauli na dawa. Dharura isiyotumika isigeuzwe kuwa ya kwaya mwisho wa mwezi, ibaki pale.

Hesabu ya chakula. Mtu mzima kwa siku hukadiriwa nafaka gramu 400, maharage au kunde gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Kaya ya watu wanne kwa siku 14 ni nafaka kilo 22.4, maharage kilo 3.4, mafuta lita moja na nusu, chumvi nusu kilo itabaki. Kaya nyingi hazikosi kila kitu, kwa hiyo mgao huo wa wiki mbili ukitolewa mara moja kwa mwezi unabeba nusu ya mzigo, na nusu wanaibeba wenyewe. Kaya sita zitahitaji nafaka kilo 135 kwa mwezi, ambayo itoke kwenye sadaka ya mazao. Fedha inunue maharage, mafuta na sabuni. Nazi zipigwe mnada baada ya ibada zigeuke mafuta. Kaya sita ndizo mtakazoziweza. Mkitawanya kwa kaya 30, kila moja itapata kilo nne na nusu za nafaka na picha.

Na picha msipige. Majina yasisomwe kanisani. Chakula kipelekwe jioni ya siku ya kazi kwenye gunia la kawaida lisilo na jina la kanisa.

Stoo: joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyoharibu. Msihifadhi unga. Dona hasa huchacha upesi kwa sababu kiini kina mafuta. Wekeni mahindi ya punje, msagishe ya wiki mbili tu. Kabla ya kupokea gunia, pimeni kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, konzi ya punje, chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta. Maharage na mahindi ya kukaa muda mrefu yatiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ambayo huua wadudu kwa kukosa hewa bila dawa, mradi isitobolewe na kila tabaka lifungwe peke yake. Punje zenye ukungu zisitolewe kwa mtu wala kuku. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kupika.

Mwenye ufunguo asiwe mwenye daftari. Paulo mwenyewe alipopeleka mchango Yerusalemu alitaka watu wa kuandamana naye, asije mtu akamlaumu (2 Wakorintho 8:20). Kama Paulo aliona haja hiyo, sisi ni nani.

---

Mtumishi wa Pongwe

Niweke tahadhari. Fedha hii ni ya washarika. Wagalatia 6:10 inasema hasa jamaa ya waaminio. Mjane wetu wa jumuiya akikosa huku gunia limepita geti la jirani, mtagawanya usharika. Pili, hapa Tanga ukimpelekea Mwislamu unga kesho utaambiwa unanunua watu. Ningeanza na wa ndani kwa mwaka mzima, kisha nitazame nje.

---

Karani wa Jumuiya

Mtumishi, mstari huo huo unaanza na "watu wote". Hoja yako ya pili ni nzito zaidi, lakini dawa yake si kujifungia. Dawa ni kupitia serikali ya mtaa.

---

Mama Diakonia

Naafiki kwamba mgao wa chakula wa kila mwezi uanzie ndani, kwa sababu mnazijua kaya na mnaweza kuhakiki. Ila wa nje wasingoje mwaka. Kwa jirani kuna msaada usiogusa hata shilingi ya mfuko, na ndio unaopendwa zaidi.

Viti na maturubai ya kanisa. Jirani akifiwa, mpeni bure. Maziko ya Kiislamu hayangoji kesho, mara nyingi hufanyika siku ile ile, kwa hiyo ufunguo wa stoo ukiwa kwa mzee anayeishi Kange, msaada umekufa. Ufunguo wa pili akae nao mtu aliye mwendo wa dakika tano kutoka kanisani, na namba yake apewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hesabuni viti vikitoka na vikirudi, wekeni alama ya rangi chini ya kiti, basi. Fedha ya dhamana msidai.

Sufuria kubwa nazo huazimwa, na hapo pana mtego. Sufuria ikishapikiwa kitimoto, Mwislamu hawezi kuitumia kwa moyo mkunjufu, na mkimficha akaja kujua, uhusiano wa miaka umekwisha. Sheria iwe moja: nguruwe haingii kwenye vyombo vya kanisa, hata kwenye harusi ya mchungaji. Ikiwa mnaalika majirani kwenye mavuno au Krismasi, mchinjaji awe Mwislamu, achinje mbele ya mashahidi wa upande wao, na nyama iende moja kwa moja jikoni.

Maji: kama mna kisima au bomba la uani, wekeni koki nje ya ukuta na saa zinazojulikana. Spika zigeuzwe ziangalie ndani, mkesha wa maombi uzime spika za nje kabla ya saa nne usiku. Mwezi wa Ramadhani karamu za mchana zifanyike ndani, na mkitaka kupeleka tende na sukari za futari zipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye ndiye anayejua nyumba ipi haina. Msaada wowote wa nje usiambatane na kipeperushi, mahubiri wala mwaliko wa ibada. Hilo pekee hujibu shutuma aliyoitaja Mtumishi.

Kuhusu kamati yenyewe, someni Matendo 6 tena. Waliolalamika ni Wayahudi wa Kiyunani, kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Inaelekea upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa mgao. Kamati yenu ya watano, je, kuna mjane ndani yake? Kuna mpangaji wa chumba kimoja? Au wote ni wenye magari?

---

Nesi Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Naingilia kwenye kipengele cha rufaa, maana fedha nyingi za diakonia hulipia vitu ambavyo mtu alikuwa na haki ya kuvipata.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, mjamzito, na mtoto wa chini ya miaka mitano wamo kwenye sera ya msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Mzee anahitaji kutambuliwa kuwa hana uwezo: barua kutoka serikali ya mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii. Kazi yenu ni kumsindikiza kuichukua barua kabla hajaugua. Usiku wa manane akiwa mapokezi hakuna wa kuiandika. Hospitali ya Bombo ina ustawi wa jamii. Anzeni dirisha lile kabla ya kufungua mfuko wa 50,000. Kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nazo hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, si kanisani, kwa hiyo mwambieni mjane ahudhurie mkutano huo.

Ikiwa mnachokiona nyumbani ni mtoto anayepigwa au kuharibiwa, msikifanye kikao cha upatanisho cha wazee. Piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Mtoto asirudishwe kuulizwa maswali na kamati. Mmoja aliyesikia mara ya kwanza anatosha kutoa maelezo.

Kutembelea wodini: watu wawili, dakika kumi, saa ya kutazama wagonjwa. Osheni mikono kabla na baada. Msikae kitandani. Sala iwe ya sauti ya chini na kwa ruhusa ya mgonjwa, kwa sababu kitanda cha pembeni yuko mtu wa dini nyingine naye anaumwa. Asiwepo wa kumwambia mgonjwa aache dawa za shinikizo, kisukari au za kufubaza virusi kwa kuwa "amepona kwa imani". Hilo ni la kuondolewa kwenye zamu mara moja, si la kuonywa. Chakula msimpelekee mgonjwa bila kumwuliza muuguzi. Anayeuguza ndiye mwenye njaa, na huyo ndiye anayesahaulika: hajaoga, hajalala, na hakuna aliyemwuliza hali.

Mkitaka huduma inayogusa mji mzima bila kuuliza dini ya mtu, changieni damu. Miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Pangeni na kitengo cha damu salama mapema, mkijua kuwa katika watu 40 watakaojiandikisha baadhi watarudishwa kwa wingi mdogo wa damu. Wale chai kabla ya kuja. Wanaofunga kwa maombi siku ile wasichangie.

---

Fundi wa Mteremko

Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kipimo cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, kwa hiyo urefu ni mita 5.4. Wengi hujenga mita mbili kwa kubana nafasi, kisha kiti kinasukumwa na vijana wanne na kushuka kwake ni hatari kuliko ngazi. Kama mbele hapatoshi, kunjeni: mita 2.7, kituo cha mita 1.5 kwa 1.5, halafu 2.7 nyingine. Na juu mlangoni kuwe na kituo kama hicho, mlango usifungukie juu ya mteremko.

Upana mita 1.2. Pembeni wekeni kingo ya sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke, na bomba la kushika kwenye kimo cha sentimita 90, la mabati yaliyopakwa zinki. Chuma cha kawaida kwa hewa ya bahari kinakula kutu mapema. Ndani jazeni mawe na kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka, juu zege la sentimita 10. Kwa mteremko ulionyooka hiyo ni mita za ujazo 0.65. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) utakula mifuko mitano ya kilo 50 pamoja na ya kupotea, kabla ya vituo na kingo. Saruji inatoka Pongwe hapo, hakuna kisingizio. Mchanga wa ufukweni msiutumie, chumvi yake italipasua zege penye nondo. Kabla halijakauka pitisheni fagio gumu kwa kukingama ili lishike miguu wakati wa masika. Marumaru pale ni ajali. Mwagilieni siku saba.

Ndani kateni benchi moja la katikati muache nafasi ya sentimita 90 kwa 120, ili mwenye kiti akae na familia yake. Kumweka mbele kabisa ni maonyesho, nyuma mlangoni ni kumsahau. Kama kuna viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame penye mwanga usoni, si mgongo wake ukiwa dirishani.

---

Mzee wa Zamu

Mungu awabariki. Mjane kwenye kamati hatuna, hilo limeniingia. Swali moja limebaki, na ndilo litakalozua kelele barazani: msharika asiyelipa ahadi miaka miwili akifiwa, tunafanyaje?

---

Mama Diakonia

Mtenganishe vitu vitatu. Ibada ya mazishi ni ya mchungaji na haiuzwi, isiguswe na daftari la ahadi. Viti na maturubai anapata hata asiyekuwa wenu, kama tulivyosema, basi vipi msharika akose. Rambirambi ya fedha ndiyo peke yake iwe na masharti, na itoke kwenye mfuko wake: 1,000 kwa kaya kwa mwezi, kwa kaya 120 ni 120,000 wote wakilipa, lakini pangeni kana kwamba theluthi mbili ndio watalipa, yaani 80,000. Rambirambi iwe kiwango kimoja kwa wote, 100,000, mzee wa kanisa na mfagizi sawa. Msianze kutoa mpaka akiba ya misiba mitatu iwepo, maana mwezi mbaya huja na miwili. Kaya iliyo kwenye mgao wa diakonia ihesabiwe imelipa. Na aliyekuwa na uwezo akaacha, apate viti, sala na wapishi, fedha asipate. Andikeni hayo sasa, yapite barazani kabla hajafa mtu, kwa sababu sheria ikitungwa wakati jeneza liko ndani, kila neno litasikika kama limemlenga marehemu.